Mhadhara wa Morogoro na mpaka wa maneno

Mwaka 2000, mkoani Morogoro, Hamisi Rajabu Dibagula alihubiri mbele ya watu na kusema kwamba Yesu si Mwana wa Mungu. Hakuchoma kanisa wala hakumwinulia mtu rungu. Alishitakiwa kwa kutamka maneno kwa nia ya kuumiza hisia za dini za watu wengine, kosa lililomo katika kifungu cha 129 cha Kanuni ya Adhabu, na mwaka uliofuata Mahakama ya Wilaya ikamhukumu kifungo cha miezi 18.

Tumweke pembeni mtu mwenyewe tuyatazame maneno yake. Mtoto wa madrasa aliyehifadhi Suratul Ikhlas hukana kwamba Mungu amezaa au amezaliwa kabla hajajua kuandika jina lake vizuri. Atayakariri hayo katika sala zake mpaka siku ya kufa. Mtaa huohuo, mtoto wa Kikristo anayefundishwa katekisimu hukiri kwamba Yesu ni Mwana pekee wa Mungu, na kwa kukiri hivyo anakuwa tayari amemwambia jirani yake Mwislamu kwamba jambo kubwa kuliko yote katika dini yake si kweli. Hakuna kati yao aliyemtukana mwenzake. Kila mmoja amesema anachokiamini, na dini hizi mbili, pamoja na yote zinayokubaliana, zinakanana katika shina.

Kwa hiyo Waislamu wengi waliipokea hukumu ile kama kushitakiwa kwa imani yao nzima. Agosti 2001 waumini waliandamana Dar es Salaam, polisi wakawatawanya na kuwakamata baadhi yao. Mahakama Kuu ikamtoa Dibagula gerezani, lakini hatia ikaiacha palepale. Ilibidi shauri lifike Mahakama ya Rufani, iliyokuwa chini ya Jaji Mkuu Barnabas Samatta, na mwaka 2003 hatia hiyo ikafutwa kabisa. Somo lake, kwa namna ninavyoisoma hukumu ile, ni hili: sheria inataka nia ya makusudi ya kuumiza, na nia hiyo haithibitishwi kwa sababu tu msikilizaji ameumia. Ibara ya 19 ya Katiba ya Tanzania inasema kutangaza dini na kuieneza ni jambo huru. Huwezi kueneza dini bila kusema kwamba kuna mahali wengine wamekosea.

Hukumu hiyo ilistahili kujulikana nchi nzima, isomwe hata kwenye vijiwe vya kahawa. Badala yake imebaki kwenye makabati ya mawakili, na kila mvutano wa dini unapozuka tunarudia kuulizana nani ameumizwa zaidi. Miaka yote hii nimeona swali hilo likitupeleka pabaya.

Aliyeishi Dar es Salaam, Tanga au Kigoma katika miaka ya 1980 na 1990 anaikumbuka mihadhara. Wahubiri wa Kiislamu waliojifunza Biblia sura kwa sura, wengi wao wakivutiwa na mtindo wa Ahmed Deedat wa Afrika Kusini, walisimama viwanjani wakitafuta ushahidi wa Uislamu ndani ya Biblia yenyewe. Majina ya Ngariba na Kawemba yakawa yanatajwa barazani kama ya wachezaji mpira. Upande wa pili wahubiri wa injili walikuja na majukwaa, jenereta na spika ndefu kama kabati, wakaombea wagonjwa na kuwaita watu waokoke, na baadhi yao wakasoma Kurani kwa lengo lilelile ambalo wenzao waliisomea Biblia. Kanda za kaseti zikauzwa Kariakoo na kusafiri kwa mabasi hadi vijijini.

Katika ukoo wetu, kama katika koo nyingi za nchi hii, msikiti na kanisa hula sahani moja. Shangazi zangu wawili ni wanakwaya, na bibi, mama yao, alikuwa haachi sala. Kanda zile zilipoingia nyumbani, bibi aliketi mkekani akasikiliza upande wa kwanza wote, hoja kwa hoja, aya kwa aya, akitikisa kichwa pale mhubiri alipomnasa mpinzani wake. Upande wa pili mhubiri akaziacha aya. Akaanza kuzungumzia wanawake wa dini ile nyingine, usafi wao, vyakula vyao, watoto wao wanavyolelewa. Bibi akanyoosha mkono akaizima redio. Hakutoa neno, akainuka kwenda kuutazama moto. Binti zake wa kwaya walikuwa jikoni.

Tangu utoto nimekuwa nikiutafuta kwenye vitabu vya sheria mpaka ule ambao bibi aliuona kwa sikio. Mhubiri alipokuwa anaikana itikadi, bibi alikuwa mwanafunzi makini. Alipogeuka kuwasema watu, hakutaka tena kumsikia.

Sheria zetu hazikujengwa juu ya mpaka huo. Kifungu cha 129 kilikuja kwetu kutoka India. Thomas Macaulay na wenzake waliandaa rasimu ya kanuni ya adhabu ya India katika miaka ya 1830, na kanuni hiyo ikapitishwa mwaka 1860. Kifungu chake cha 298 kinasema karibu neno kwa neno yale yaliyomo katika kifungu chetu cha 129 na katika kifungu cha 138 cha Kenya: mtu akitamka neno, akitoa sauti au akifanya ishara kwa nia ya makusudi ya kuumiza hisia za dini za mwingine, ametenda kosa. Mtawala Mwingereza hakujali kati ya Mhindu na Mwislamu nani anasema kweli. Alitaka barabara zitulie, na njia rahisi ya kuzituliza ilikuwa kumnyamazisha yule aliyesababisha kelele. Utawala ukaondoka, kifungu kikabaki.

Ubaya wa sheria ya namna hii ni kwamba jeraha la moyo halina mizani. Daktari hawezi kulipima, hakimu hawezi kuliona. Kinachoonekana ni hasira ya wanaosema wameumia, na hapo wenye hasira kubwa zaidi ndio wenye ushahidi mzito zaidi. Kundi linalotaka mpinzani wake anyamazishwe linajua la kufanya: lijae barabarani.

Pakistan ilirithi kanuni hiyohiyo ya India na ikaenda nayo mbali. Mwaka 1986 kiliongezwa kifungu cha 295-C kinachoruhusu adhabu ya kifo kwa anayemkashifu Mtume. Asia Bibi, mwanamke Mkristo aliyekuwa kibarua mashambani, aligombana na wenzake juu ya maji ya kunywa, akahukumiwa kunyongwa mwaka 2010 na kukaa miaka akisubiri kitanzi hadi Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilipomwachia huru Oktoba 2018. Salman Taseer, gavana wa jimbo la Punjab aliyemtetea, aliuawa kwa risasi na mlinzi wake mwenyewe Januari 2011. Taseer hakuwa amekashifu dini yoyote. Alisema sheria hiyo ni mbaya, na kwa watu waliokwisha kufundishwa kwamba hisia zao ni jambo la jinai, hilo nalo likawa jeraha.

Sisi hatujafika huko, na namshukuru Mungu kwa hilo, lakini njia tunaijua. Mwaka 1993 Dar es Salaam mabucha ya nguruwe yalivamiwa na kuvunjwa. Februari 1998, katika msikiti wa Mwembechai, Magomeni, mvutano uliotokana na malalamiko kwamba Ukristo unakashifiwa kwenye mihadhara uliisha kwa polisi kufyatua risasi na watu kufa. Hamza Njozi aliyeandika kitabu kuhusu mauaji yale alikiona kitabu chake kikipigwa marufuku. Tafakari hapo: malalamiko yalianza na maneno, Serikali ikajibu kwa risasi, na aliyetaka kuyaandika yaliyotokea naye akanyang'anywa maneno.

Kisha Mbagala, Oktoba 2012. Watoto wawili walibishana kitoto juu ya nguvu za Msahafu, na mmoja akaukojolea. Kundi la watu likafika kituo cha polisi likitaka likabidhiwe mtoto. Liliponyimwa likageukia makanisa, na makanisa yakachomwa moto. Sidharau uchungu wa Mwislamu aliyesikia habari ile. Msahafu unashikwa kwa udhu, na nyumbani kwetu uliwekwa mahali pa juu kuliko kitu chochote chumbani. Uchungu ule ulikuwa wa kweli. Lakini waumini waliosali kwenye makanisa yaliyochomwa hawakuwa wamefanya lolote, na mtoto alihitaji mzazi wa kumkanya na mlango wa chuma kati yake na umati. Siku ile aliyekuwa hatarini alikuwa ndani ya kituo, na walioumia walikuwa nje.

Ndiyo maana nasema swali la kwanza liwe juu ya hatari. Miezi iliyofuata ilituonyesha hatari ilivyo. Zanzibar, Novemba 2012, Sheikh Fadhil Soraga wa ofisi ya Mufti alimwagiwa tindikali. Siku ya Krismasi padri Ambrose Mkenda akapigwa risasi na kujeruhiwa, na Februari 2013 padri Evarist Mushi akauawa alipokuwa akienda kuadhimisha misa. Mwezi huohuo, Buseresere mkoani Geita, ugomvi juu ya nani ana haki ya kuchinja ng'ombe wa kuuzwa buchani ulisababisha kifo cha mchungaji. Mei mwaka huo bomu likatupwa kanisani Olasiti, Arusha. Siwezi kusema kwamba mahubiri ya fulani ndiyo yaliyoshika tindikali au bunduki. Hilo ni la mahakama, kwa ushahidi. Ninachoweza kusema ni kwamba maneno ya aina fulani yalikuwa yamezoeleka masikioni mwetu kabla ya damu: msinunue kwao, msiwapangishe, nchi hii wameichukua, mpaka lini tutavumilia. Katika maneno hayo hamna itikadi. Mungu hatajwi ila kama kipambo. Yanaelekezwa kwa watu wenye duka, nyumba na shingo.

Mwaka huohuo wa 2012, wataalamu waliokutanishwa na Umoja wa Mataifa walikamilisha kule Rabat, Morocco, mpango unaosaidia kutofautisha maneno machungu na uchochezi wa chuki. Wanataka mambo sita yatazamwe kwa pamoja: hali ya mahali na wakati, msemaji ana nafasi gani kwa watu wake, nia yake, maneno yenyewe yalivyopangwa, yameenea kiasi gani, na uwezekano wa madhara kutokea. Nimejaribu kuupeleka mhadhara wa Morogoro kwenye vipimo hivyo na haufiki popote. Lakini mpe mtu maikrofoni Buseresere, wiki ileile watu wanagombea machinjio, aseme kwamba muda wa kuvumilia umekwisha, hapo kila kipimo kinaitika. Na hata akiwa ametumia lugha ya upole, bila tusi hata moja, bado amechochea. Kwa sheria ya hisia, huyo angeponyoka.

Kuna hatari nyingine ya maneno ambayo wanaolindwa na sheria ya hisia hawaioni kwa sababu haiwagusi. Wapo wahubiri wanaosimama madhabahuni na kuwaambia waumini kwamba ndoa haishiki au mtoto haponi kwa sababu kuna mchawi nyumbani, na waumini wakirudi wanaanza kumtazama bibi kizee mwenye macho mekundu. Kanda ya Ziwa vikongwe wengi wameuawa kwa panga kwa tuhuma kama hizo, macho yao yakiwa mekundu kwa moshi wa jikoni. Kinshasa watoto wamefukuzwa nyumbani na kulala mitaani baada ya mchungaji kusema wana uchawi. Kikongwe hana baraza la kumtolea tamko, wala waumini wa kumwandamania. Ajabu ni kwamba kwa huyu sheria ya zamani ya Tanganyika ilikuwa na busara zaidi: Sheria ya Uchawi inafanya kuwa kosa kumtaja mtu kwamba ni mchawi. Haiulizi kama amehuzunika. Inakitazama kidole kilichonyooshwa na inajua kinakoelekea.

Wapo wanaosema serikali isiguse neno lolote la dini. Hoja yao naiheshimu, na Marekani imeifuata hadi mwisho. Machi 2006, katika mji wa Westminster jimboni Maryland, Albert Snyder alikuwa anamzika mwanawe Matthew, askari aliyefia Iraki. Waumini wa Westboro, kikanisa kidogo cha Topeka, Kansas, kilichoanzishwa na Fred Phelps, walisafiri mpaka huko wakasimama karibu na mazishi na mabango yanayomshukuru Mungu kwa vifo vya askari, wakidai kwamba Mungu anaiadhibu Marekani kwa kuwavumilia mashoga. Baba aliwashitaki, baraza la wazee wa mahakama likampa mamilioni ya dola, na mwaka 2011 Mahakama ya Juu, kwa majaji wanane dhidi ya mmoja, ikasema waumini wale walikuwa ndani ya haki yao. Jaji Samuel Alito peke yake alikataa.

Huku kwetu mtu aliyegombana na marehemu miaka 20 huja kushika jeneza, hivyo habari hii huwachoma wasomaji wetu. Inanichoma na mimi. Hata hivyo naona majaji wale wanane walishika kitu: Westboro walichukiza, lakini hawakumwambia mtu amdhuru mtu. Walichokosa, naona, ni heshima ya mahali. Majimbo mengi ya huko yametunga sheria za kuwaweka waandamanaji mbali na mazishi, kwa umbali na kwa muda, bila kujali bango limeandikwa nini. Nasi tungeweza kufanya vivyo hivyo. Spika ya mhadhara isielekezwe mlangoni mwa kanisa saa ya misa, na jukwaa la injili lisijengwe ubavuni mwa msikiti saa ya Ijumaa. Hapo hakuna itikadi iliyozuiwa.

Kenya nayo ina funzo lake. Ibara ya 33 ya Katiba ya 2010 inasema wazi kwamba uhuru wa kujieleza haufiki kwenye matamshi ya chuki wala uchochezi wa vurugu. Lakini Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya mwaka 2008, iliyozaliwa na damu ya baada ya uchaguzi, katika kifungu chake cha 13 inatafsiri chuki kwa rangi, taifa na asili ya kabila. Dini haimo. Watunga sheria walikuwa bado wanasikia harufu ya nyumba zilizochomwa kwa sababu ya kabila, na hakuna wa kuwalaumu. Ila abiria wa Mandera hawakuulizwa kabila.

Kabla ya kufika Mandera, kuna jambo ambalo ningekuwa mwoga nisingelitaja. Ninapotaka sheria iwashughulikie wachochezi, najua nani atakayeishika. Viongozi wa Uamsho, jumuiya ya Kiislamu ya Zanzibar, walikaa mahabusu miaka mingi kwa mashitaka ya ugaidi, hadi Juni 2021 mashitaka yalipofutwa. Kama walieneza chuki, hakuna hakimu aliyepata nafasi ya kusema hivyo, na kama hawakueneza, nani atawarudishia miaka yao? Mwaka 2018 waraka wa Pasaka wa maaskofu wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT), uliozungumzia hali ya nchi, uliletewa barua ya Serikali ikitaka uondolewe, barua ambayo baadaye waziri aliikana. Juni 2025 Kanisa la Ufufuo na Uzima la Askofu Josephat Gwajima lilifutiwa usajili mara baada ya yeye kukemea utekaji wa watu. Neno uchochezi limekuwa gunia, kila anayekera hutiwa humo. Kwa hiyo nataka mpaka uwe mwembamba na uandikwe wazi: itajwe hatari kwa watu fulani, ithibitishwe nia, na shauri lisikilizwe hadharani kwa haraka. Anayeikosoa Serikali kutoka madhabahuni au mimbarini hamhatarishi mtu.

Novemba 2014, karibu na Mandera, wapiganaji wa al-Shabaab walisimamisha basi, wakawatenga abiria waliowaona si Waislamu, wakawaua watu 28. Aprili 2015 katika Chuo Kikuu cha Garissa walifanya vivyo hivyo, wakauawa watu 148. Wauaji walifika pale wakiwa wamekwisha kufundishwa kwa miaka, kwa kanda na simu na mawaidha ya pembeni, kwamba binadamu ni wa kupangwa mafungu. Kilichobaki kilikuwa kuwaamuru abiria washuke.

Desemba 21 mwaka huo wakasimamisha basi lingine kwenye njia hiyohiyo. Safari hii abiria Waislamu walikataa kutengana na wenzao. Wanawake waliwapa Wakristo mitandio na hijabu wajifunike, wengine wakawaambia wapiganaji wawaue wote au wawaache wote. Mmoja wa abiria hao Waislamu, mwalimu Salah Farah, alipigwa risasi na akafariki mwezi uliofuata hospitalini Nairobi. Filamu fupi ya Watu Wote imewafanya wajulikane duniani, nami huwafikiria kila ninapoirudia kesi ya Morogoro. Wanawake wale waliovua mitandio yao wamesali tangu utotoni wakikariri kwamba Mungu hakuzaa wala hakuzaliwa. Waliamini jambo lilelile ambalo Dibagula alifungwa kwa kulisema, nao wakiliamini hivyo wakawafunika Wakristo waliokaa nao kiti kimoja.